Watu hawajachoka, hawajaelewa

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema maandamano hufifia kwa sababu watu huchoka. Sikubaliani naye. Mara nyingi mwananchi aliyesimama pembeni hajaelewa anaombwa aunge mkono kitu gani. Bango la kwanza linadai mishahara, la pili katiba, la tatu linamtukana waziri. Naye anashika njia yake.

Mwaka 1930 Gandhi, kiongozi wa harakati za uhuru wa India, alikuwa na madai chungu nzima dhidi ya watawala Waingereza, lakini akachagua chumvi. Hata baadhi ya wenzake katika chama cha Congress waliona ni jambo dogo mno. Ila chumvi ilikuwa katika kila jiko la India, na sheria ilikataza watu kujitengenezea yao. Alipoandamana kwa miguu hadi Dandi, kijiji cha pwani, akaokota chumvi ya ufukweni, tajiri na maskini walielewa papo hapo.

Occupy Wall Street, maandamano ya Marekani ya 2011 dhidi ya pengo kati ya matajiri na wengine, ilikuwa na kauli kali, “sisi ni asilimia 99”, yaani wote wasio katika ile asilimia moja ya matajiri wakubwa, na kweli ilishika. Lakini ukiuliza serikali ifanye nini hasa, kila mtu alikuwa na jibu lake. Waandaaji, tafadhali, chagueni dai ambalo mtu anaweza kumweleza jirani yake kwa sentensi moja, na matusi myaache.