Nisomee, Vitunguu Bado Havijaiva

Jikoni kwetu kuna kiti kimoja ambacho hakikaliwi na mtu wa kula. Ni cha msomaji. Kimeegemezwa ukutani, mbali kidogo na jiko ili mafuta yasirukie kurasa, lakini si mbali kiasi cha sauti kumezwa na mchemko wa sufuria. Kilihamia hapo mwaka ambao macho ya mama yalianza kushindwa na herufi ndogo. Mama ni msomaji wa siku zote, na kuacha hakukubali. Jioni moja alinikabidhi kitabu chake, akachukua kisu, akasema, "Nisomee, mwanangu. Mimi napika."

Nilidhani ninamsaidia yeye. Miaka imepita, na sasa nikikosa jioni mbili mfululizo katika kiti kile najihisi kama mtu aliyelala njaa. Ndiyo maana nasema wazi: mtu mzima naye anastahili kusomewa, na jikoni ndiko mahali pake.

Tumezoea kwamba kusomewa ni haki ya mtoto, na siku mtoto akijua kusoma mwenyewe haki hiyo inakwisha. Sijui nani alitupangia hivyo. Katika karne ya 4, mjini Milan, Italia, Augustino, aliyekuja kuwa mwanateolojia mkubwa wa Kikristo, alimwona askofu Ambrosi akisoma kimya, macho yakipita juu ya kurasa huku ulimi umetulia, na jambo hilo likamshangaza kiasi cha kuliandika na kutafuta sababu zake. Wanahistoria bado wanabishana juu ya usomaji wa kimya wa zama zile ulikuwa adimu kiasi gani. Kwangu inatosha kujua kwamba kwa karne nyingi watu walikipokea kitabu kwa masikio, wakiwa wamekaa pamoja, na hawakuona kwamba ni utoto.

Sasa vitunguu, maana ndivyo vinavyotupa muda. Maelekezo mengi ya mapishi huandika "kaanga kwa dakika 5 hadi viwe vya kahawia." Haiwezekani. Kitunguu kwa sehemu kubwa ni maji, karibu asilimia 90, na maji yanapochemka hubaki kwenye nyuzi 100 tu. Rangi ile ya kahawia na harufu inayowatoa watu vyumbani huja sukari na asidi amino, yaani vijenzi vya protini, zinapokutana kwenye joto la nyuzi 140 hivi. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeeleza mabadiliko hayo mwaka 1912. Kwa hiyo lazima maji yaondoke kwanza, na hayaondoki kwa kusukumwa. Ukiongeza moto, kingo zinaungua na katikati panabaki pabichi, halafu mchuzi mzima unakuwa mchungu. Moto mdogo, mwiko unapita mara kwa mara, dakika 40 au zaidi.

Dakika 40 ni nyingi. Mtu akisoma kwa sauti bila pupa hutamka maneno kama 150 kwa dakika, kwa hiyo vitunguu vya mlo mmoja ni maneno 6,000. Hiyo ni hadithi fupi nzima, mwanzo hadi mwisho, na mpishi hajapoteza hata dakika moja. Watu huniambia hawana muda wa kusoma, nami huwauliza nani anapika kwao.

Si kila kitabu kinafaa jikoni, na hapa nimejifunza kwa kukosea. Hadithi za upelelezi hazifai: mafuta yakilia kidogo tu, mpishi anapitwa na jambo ambalo kisa kizima kinalitegemea. Maelezo marefu ya milima na mawingu nayo hupotelea kwenye mvuke. Yanayokaa vizuri ni majibizano ya wahusika, barua, visa vya familia, na kumbukumbu za watu waliozeeka. Na kiti kiwe mbali na ubao wa kukatia, kwa sababu kitunguu kikikatwa seli zake hupasuka na kutoa gesi yenye salfa inayochoma macho. Kisu kikali hupunguza, kwa kuwa hakizipondi seli. Siku moja nilikuwa nimekaa karibu mno, na tulikuwa tumefika mahali pa huzuni. Mama akanitazama, akauliza, "Hicho ni kitunguu au ni hadithi?" Nikamjibu, "Vyote viwili." Akaweka kisu chini, tukacheka kwa machozi yaleyale.

Kicheko ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Kuna kurasa nilizosoma peke yangu kitandani, nikaona ni za kuchekesha, nikageuza ukurasa uso ukiwa mkavu. Nikizileta jikoni sizimalizi. Mama huanza kucheka kabla sijafika, kwa sababu ananisikia sauti inavyotetemeka nikijaribu kujizuia. Robert Provine, mtafiti wa Marekani aliyechunguza kicheko kwa miaka mingi, alikuta kwamba watu hucheka takriban mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao, na kwamba vicheko vingi havifuati mzaha wowote bali maneno ya kawaida kabisa. Naamini, kwa sababu nimeona. Mwandishi wa vichekesho hutuachia nusu ya kazi, na nusu nyingine inafanywa na mtu wa pili chumbani.

Wapo wanaoniambia kwamba vitabu vya kusikiliza kwenye simu vinatosha. Kwa anayepika peke yake navipenda na navipendekeza kwa moyo wote. Lakini sauti iliyorekodiwa haingoji mtu anapomwaga maji ya maharage, wala haijui kwamba aliyeko jikoni amecheka na anataka kusikia tena.

Na yapo yale maneno ya kutia moyo, ambayo siku hizi husambazwa kwa mamia, moja baada ya jingine, yamekatwa kutoka popote. Mimi hayanikai. Neno linalonikaa ni lile nililofika kwake kwa miguu, kurasa 80 nikiwa na mtu mwenye shida zake, ndipo akasema sentensi moja. Mtawala wa Roma Marcus Aurelius aliandika mawaidha yake kwa Kigiriki, akijisemesha mwenyewe katikati ya shughuli na vita. Nadhani ndiyo maana bado yanasomwa: yalikuwa na kazi ya kufanya siku ileile. Jikoni kwetu kuna alama ya sentensi ya namna hiyo. Mwiko unasimama. Sijawahi kumwomba mama afanye hivyo, na sidhani kama anajua anafanya. Mwiko ukisimama nanyamaza, naye husema, "Hebu rudia hapo." Nikirudia, sentensi inaingia tofauti, kwake na kwangu. Mwanasaikolojia Colin MacLeod wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada na wenzake wameonyesha kwamba maneno tuliyoyatamka kwa sauti hukumbukwa vizuri kuliko tuliyoyasoma kimya.

Tukiipenda sana sentensi, tunaiandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye mlango wa kabati la vyombo. Moja tu. Ikija mpya, ya zamani inatoka.

Iliyopo sasa imekaa muda mrefu kuliko zote, na haikutoka kitabuni. Tulikuwa na msiba nyumbani, wa mtu wa karibu sana. Wiki chache baadaye tulirudi kwenye kitabu tulichokiacha katikati, bila kukumbuka kilikuwa kinaelekea wapi, na ukurasa wa pili tu mhusika akawa anamzika ndugu yake. Sauti ilinikatika. Nikafunga kitabu juu ya kidole changu. Mama hakugeuka, aliendelea kupitisha mwiko polepole.

"Pumua, mwanangu," alisema. "Kisha endelea. Vitunguu bado havijaiva."

Nikafungua, nikasoma hadi mwisho wa mazishi. Karatasi ile sasa ina doa la mafuta pembeni, na mwandiko ni wangu.