"Hii injini ni ya cheni, haina shida"

Ukinunua IST au Vitz hapa Mbeya, dalali hakosi kukwambia: "Hii injini ni ya cheni, siyo mkanda. Utaendesha mpaka uchoke mwenyewe." Niliimeza kauli hiyo nzima nzima, na ndiyo iliyoniulia cheni.

Cheni au mkanda wa taimingi ndio unaounganisha krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na kamshafti, mhimili unaofungua valvu, ili viende pamoja. Kweli, mkanda una kilometa zake za kubadilishwa, mara nyingi 100,000, na cheni haipangiwi. Lakini cheni inaishi kwa oili. Oili ndiyo inayoilainisha, na presha ya oili hiyo hiyo ndiyo inayosukuma tenshena ili iikaze. Ukichelewesha sevisi, au ukamimina ile nzito namba 40 eti kwa kuwa injini imechoka, unaimaliza taratibu. Chuma hakivutiki kama mpira. Zinazolika ni pini na matundu yake, kila kiungo kidogo kidogo, mpaka cheni nzima inalegea.

Mimi nakaa Uyole. Juni na Julai alfajiri huku nyuzi zinashuka chini ya 10, na ndipo gari lilipoanza kusema. Nikipiga stata, sekunde tatu nne za kwanza linalia chakarachakara upande wa dereva, kama sarafu ndani ya kopo la maziwa, kisha kimya. Mke wangu aliisikia kabla yangu, tena akiwa jikoni. Nikalipeleka gereji moja mjini saa saba mchana, injini ina moto, haina kelele yoyote. Wakasema ni sensa. Nikalipia sensa. Kesho yake alfajiri sarafu zikaendelea kulia.

Hapo ndipo ninapogombana na mafundi wengi. Cheni ipimwe gari likiwa limelala na baridi, kwa hiyo pa kuipimia ni nyumbani kwako. Kwanza nilichomoa kijiti cha oili: ilikuwa imeshuka, nyeusi tii. Pili nilitoa mkanda wa feni nikawasha kwa sekunde chache tu, maana bila mkanda ule pampu ya maji haizunguki. Kelele ikabaki pale pale, basi siyo alternata wala beringi ya pampu. Kidude changu cha kusoma kompyuta ya gari kikatoa P0016, yaani krenki na kamshafti zimepishana. Kodi hiyo peke yake isikufanye ukimbilie spea, kwa sababu hata oili chafu kwenye valvu ya VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu kufunguka, inaweza kuileta. Ila ikija pamoja na ule mlio wa asubuhi, fungua kava la juu utazame.

Jirani yangu ni fundi mstaafu. Nilimwambia nataka kuibadilisha mwenyewe, akacheka. "Mwalimu, ukiwa na haraka usiguse. Ukiwa na siku tatu, nitakaa hapa kwenye stuli nikuangalie."

Nikazitafuta siku tatu. Maji na oili vikamwagwa, tairi la mbele kulia likatoka, injini ikabebwa na jeki yenye kipande cha ubao chini ya sampu, lile bakuli la oili, kisha mauntingi inayoshikilia injini na puli ya krenki vikatoka. Boliti za kava la taimingi hazilingani urefu, kwa hiyo nilichora kava kwenye boksi la biskuti na kuchomeka kila boliti mahali pake. Kava lilipotoka, kidole cha tenshena kilikuwa kimetoka karibu chote, hakina tena pa kwenda. Gaidi la plastiki, yaani reli inayoiongoza cheni, lilikuwa limechimbwa mifereji miwili na cheni. Tukaning'iniza cheni ya zamani na mpya kwenye msumari mmoja: tofauti haikufika upana wa kidole. Hicho tu ndicho kilichokuwa kinapiga kelele nyumba nzima! Ndiyo maana simwelewi anayenunua cheni mpya akarudisha tenshena na magaidi ya zamani.

Cheni mpya ina viungo vyenye rangi, vya kulinganisha na alama za gia. Nikalinganisha, nikafyatua tenshena, nikataka kurudisha kava. Mzee akanizuia: "Zungusha krenki kwa spana, mizunguko miwili." Krenki ikizunguka mara mbili kamshafti inazunguka mara moja, kwa hiyo alama za gia lazima zirudi palepale. Viungo vya rangi havirudi, visikutishe. Alama zangu hazikurudi, gia moja ilikuwa imeruka jino. Ningepiga stata hivyo, injini ingekosa nguvu, au valvu zingekutana na pistoni. Nikaanza upya, jioni nzima, kwa tochi ya simu. Ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, mzee wangu.

Siku ya nne alfajiri nilichomoa plagi za koili, nikapiga stata kidogo ili oili ipande kwanza, nikazirudisha, nikawasha. Mke wangu hakutoka jikoni.

Juzi nikamsindikiza shemeji kuangalia IST Mwanjelwa, tukafika saa moja kasoro. Nilikuwa nimemwomba muuzaji asiliwashe mpaka tufike. Akatupokea vizuri sana, akaanza, "Hii injini ni ya cheni..." Nikaweka kiganja kwenye boneti. Ilikuwa ya moto. Nikamwambia shemeji twende tukanywe chai.