Kaptula ya Kubana Mpaka Pumzi

Jamani watu wa Lubumbashi, nani alitangaza kwamba kinga, yaani baiskeli, haipandwi tena bila sare? Unamwambia mtu twende kidogo upande wa Kasapa, anajibu: "Yaya, ngoja kwanza nivae." Unavaa nini, unaenda harusini? Jua linapanda, weye uko mlangoni, yeye anasukuma nyama ndani ya kaptula kama anafunga gunia la makala (makaa). Uzi ule wa kunyumbuka ulibuniwa Marekani mwaka 1958. Sidhani waliwaza tumbo la bukari, ugali wetu.

Mnatoka. Punde anapitwa na muuza makala mwenye mzigo unaomzidi urefu, kandambili miguuni, suruali imekunjwa upande wa mnyororo isiliwe. Ati nguo ya kubana inakata upepo! Upepo gani? Faida hiyo huonekana ukienda kasi, na weye unakwepa mashimo, unashindana na mbuzi.

Haya, ile kaptula yenye sifongo makalioni inafaa safari ikiwa ndefu. Haina mshono wa kukuchubua, ndiyo maana huvaliwa bila chupi. (Ndiyo, bila. Msiniangalie hivyo.) Lakini jezi nyeupe? Katika vumbi jekundu la Septemba? Na mifuko mitatu mgongoni: ukitaka kulipa maji unajikunja mpaka bega linalia, muuzaji anacheka.

Dola zote zimeishia kwenye jezi, breki zimelika mpaka chuma. Kisha gurudumu linaisha upepo, bwana sare anatugeukia: "Nani ana pampu?"