Msiishie Kusema "Alipenda Farasi"

Mtu aliyefuga farasi miaka 40 akifa, wasifu wake humpa sentensi moja: "Alikuwa mchapakazi, alipenda farasi na alikuwa baba mwema." Kisha wanatajwa watoto na wajukuu, msomaji anakunja karatasi. Inaniuma. Sentensi hiyo ingemfaa hata mtu anayepanda farasi mara moja kwa mwezi, akishuka anamkabidhi saisi hatamu. Kupenda farasi ni rahisi. Kumlisha, kumtibu na kumzalisha kila siku ya mwaka, hata wewe mwenyewe ukiwa na homa, ni jambo jingine, na hilo ndilo la kusomwa mbele ya watu.

Haya, ratiba ya mazishi ni fupi na waombolezaji wamechoka. Nakubali. Lakini dakika tatu hazikosekani.

Semeni alikuwa akiamka saa ngapi, na kwa nini. Farasi ana tumbo dogo kwa umbo lake, ameumbwa kula kidogo kidogo kutwa nzima, na hawezi kutapika. Farasi wa kilo 500 hula nyasi kavu kilo 8 hadi 10 kwa siku na hunywa lita 25 hadi 45 za maji, zaidi kukiwa na joto. Farasi sita ni ndoo kumi za lita 20 kila siku, mara nyingi zaidi ya hapo. Chakula kinachobadilishwa ghafla, bila kuchanganywa polepole kwa siku 7 hadi 10, huleta msokoto wa tumbo, na msokoto huua. Ndiyo maana alikuwa akitazama kinyesi kabla hajanywa chai. Farasi asiyetoa choo, anayeparapara chini na kugeuka kutazama ubavu wake, hakumsubiri mtu amalize kifungua kinywa.

Semeni habari za kwato. Zinakua kama milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, kwa hiyo kila wiki 6 hadi 8 mgongo wake uliinama kuzikata na kupigilia viatu vya chuma, mguu wa farasi umebanwa katikati ya magoti yake. Msumari hupigwa nje ya ule mstari mweupe uliopo chini ya kwato, utokezee juu kidogo ubavuni. Ukiingia ndani ya mstari unagusa nyama, na farasi anachechemea siku hiyo hiyo au baada ya siku chache, kwato ikiwa na moto. Mpigaji mzuri husikiliza: kwenye kwato ngumu nyundo hulia kwa sauti kavu; sauti ikififia, msumari umekwenda pabaya, anauchomoa. Sikio la namna hiyo halipatikani kwa mapenzi peke yake.

Na kama wasifu una nafasi ya jambo moja tu, basi liwe usiku wa kuzaa. Jike hubeba mimba miezi 11, halafu huchagua kuzaa usiku, kukiwa kimya. Siku moja au mbili kabla, chuchu huota matone yanayofanana na nta. Kuanzia hapo mtu huyu halali kitandani. Chupa ikipasuka, mtoto anatakiwa awe nje ndani ya nusu saa: miguu miwili ya mbele, mmoja umetangulia kidogo, na pua juu yake. Kikitangulia kitu chekundu kama mahameli, kondo limeachia mapema na mtoto anakosa hewa. Mfuko unapasuliwa papo hapo, hakuna muda wa kumngojea daktari. Mambo yakienda vizuri, saa bado zinahesabiwa. Ndani ya saa moja mtoto asimame. Ndani ya mbili anyonye, kwa maana kinga yake yote imo katika maziwa ya kwanza na utumbo wake huipokea kwa muda wa siku moja tu. Ndani ya tatu kondo litoke lote. Halivutwi kamwe, linafungwa juu lisikanyagwe na kuchanika. Kipande kikibaki huoza tumboni, na sumu yake hushuka mpaka kwenye kwato, jike asiweze tena kusimama. Kwa hiyo alikuwa akilitandaza kondo chini alfajiri, tochi mkononi, akilikagua pembe zote mbili.

Nani alikuwa ameishika ile tochi kabla hajaichukua? Mara nyingi mke. Hapo ndipo neno "baba mwema" linapohitaji ukweli wote. Kuna watoto walioahidiwa safari wakaambiwa haiwezekani tena, kwa sababu nta imeonekana. Hao hao walifundishwa kusimama begani mwa farasi, wasipite nyuma yake kimya kimya, na kufunga lango hata mvua ikinyesha. Walimkosa mezani, wakamkuta bandani. Andikeni yote mawili. Hakuna heshima inayopungua.

Tena siku ya maziko yenyewe, kabla magari hayajafika, kuna mtu aliyeondoka msibani na macho mekundu, akajaza ndoo zile kumi, akapima nyasi, akainua miguu 24 mmoja mmoja kutoa mawe. Jina lake pia liwemo.