Unapotafuta leseni ya mbio za magari, kasi iache nyumbani

Wengi wanaoanza mbio za ridhaa kwenye saketi humwaga fedha kwenye injini kwanza, halafu wakakwama kwa mkaguzi wa usalama hata gari halijawashwa. Naona huko ni kuanzia mkiani. Leseni ya kwanza hupewa dereva ambaye walio nyuma yake wanaweza kubashiri atafanya nini kwenye kona inayofuata. Muda wa mzunguko utakuja baadaye.

Makaratasi hayana ugumu: uanachama wa chama kinachosimamia mbio, fomu iliyojazwa na daktari, kisha shule ya mbio yenye darasa na mizunguko ya majaribio.

Mitego iko kwenye vifaa. Helmeti yenye alama ya M ya Snell, taasisi inayopima helmeti, ni ya pikipiki, na hukataliwa hata ikiwa ghali kiasi gani. Ya gari ni yenye alama ya SA, maana hiyo hupimwa pia kwa moto. Mikanda ya ncha sita nayo ina umri wake: yenye lebo ya SFI, taasisi ya Marekani ya viwango vya vifaa vya mbio, huhesabiwa miaka 2 tu, ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kama 5. Ukinunua mtumba, soma lebo kabla ya kutoa pesa. Mkanda unaweza kung'aa na tarehe yake ikawa imeshapita.

Halafu mafuta ya breki, jambo linalodharauliwa kuliko yote. Hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 230 za Selsiasi, lakini yakishaingia maji kiwango hicho hushuka hadi 155. Mjini hutaona tofauti. Kwenye saketi, baada ya mizunguko michache ya kukanyaga kwa nguvu, pedali inalainika kama sponji, kisha inazama hadi sakafuni: mafuta yamechemka, na unachokanyaga ni mvuke. Weka mapya na utoe hewa kwenye breki za magurudumu yote manne siku chache kabla ya kozi.

Bendera zisome kwenye kitabu cha chama chako mwenyewe, usitegemee ulichokiona kwenye televisheni. Kwa kanuni za FIA, nyekundu maana yake punguza mwendo mara moja urudi piti, pale magari yanapohudumiwa. Kwa SCCA, chama cha mbio za ridhaa cha Marekani, ni kusimama kwa utaratibu pembeni ya njia. Ukichanganya hizo mbili utagongwa kwa nyuma, au umgonge mwenzako.

Bendera ya bluu, inayokuambia kuna mwenye kasi nyuma yako anayetaka kupita, ndiyo inayowafichua wageni. Wakiiona, adabu inawazidi: wanachepuka ghafla kumpisha mwenye kasi, kumbe naye keshachagua upande huohuo. Shika mstari wako, piga kona kama ulivyopiga iliyopita, mwache yeye atafute njia. Ukitaka kumsaidia, subiri sehemu iliyonyooka, umwonyeshe upande kwa mkono na ulegeze kidogo pedali ya mwendo.