Bwana Nuru na Mshipa Wake

Mwenzangu wa kazi, Athumani, amekwisha kuwatumia sauti kwenye kundi, najua. Nasikia kwa maelezo yake nilifukuzwa kwa mwiko wa jikoni mpaka gatini. Uongo. Mwiko haukuwepo. Ngojeni niseme mwenyewe, masikio yangu yakiwa bado yanawaka.

Kazi yangu ni takwimu za matende, ule ugonjwa wa mbu unaovimbisha miguu na kuleta mabusha. Wenzangu huwachoma watu vidole usiku, saa nne hadi saa nane, maana ndizo saa ambazo vijidudu vyake hujitokeza kwenye damu. Mimi huandika kwa tochi: namba, jina, umri, jinsia, ana mabusha au hana. Nyuso hata sizioni.

Jumatatu nikaambiwa nitoe orodha ya wenye mabusha, wapelekewe habari ya upasuaji. Majina yalikuwa yamekaa ovyo, nikayapanga kwa alfabeti. Excel ikaniuliza, kwa adabu kabisa, kama safu za jirani ziende pamoja nayo. Nikajibu hapana. (Mnaocheka, ninyi huwa mnasoma maswali ya kompyuta?) Majina yakahama, mengine yote yakabaki palepale. Nikachuja wenye mabusha, nikachapa, nikawagawia wenzangu. Fungu langu likawa majina matatu: Mbwana, Nuru, Omari. Nimeyabadilisha, angalau hilo nimejifunza.

Mbwana hakuwepo. Nikaulizia Nuru huko mtaa wa Langoni, mtoto akanionyesha mlango. Ndani nasikia wanawake, kuna harusi. Mimi mtu wa heshima zangu, nikabaki nje dakani nikapaza sauti.

"Hodi! Namtaka Nuru!"

"Ndimi," ikajibu sauti nzito, ya tumbaku.

Nikasema, mzee mwenyewe huyo. Nikakunjua karatasi.

"Mzee wangu, tumekuja kwa ule mshipa wako."

Kimya. Walikuwa wakitunga vikuba, yale mapambo ya asmini, mle ndani. Najua mikono ilisita kwa sababu bangili zilinyamaza.

"Mshipa upi?"

Sasa sisi tumefundishwa kwamba wanaume huona haya, tuwatulize. Nikatuliza. Kwa sauti. Nikasema mabusha si laana wala si kurogwa, ni mbu tu. Nikasema hata yawe makubwa vipi, daktari hupasua, akatoa maji, akashona. Nikaongeza, Mungu anisamehe, kwamba utavaa kikoi chako bila wasiwasi na mkeo atafurahi.

Athumani alikuwa ananivuta shati. Nikadhani ana haraka.

Zikaja kandambili, taratibu, pa, pa, pa. Akatoka bibi kizee, leso kifuani, kikuba mkononi hakijaisha. Akanitazama juu mpaka chini. Akageukia ndani.

"Nisaidieni wanangu. Hayo mabusha yangu niliyaweka wapi?"

Vigelegele! Kicheko ningekivumilia. Hivi vilikuwa vigelegele kamili, vya kumtoa bibi harusi.

Ya Omari msiniulize. Msimamizi alinisema, tukarudia fomu za karatasi, kila jina likaoanishwa na namba yake, watu wawili wakaingiza mbalimbali tukalinganisha. Faili la asili sasa limefungwa na neno la siri sipewi.

Mwenye mabusha ya kweli tukampata, mvuvi, mtaa wa pili tu kutoka hapo. Simtaji, nimeshamtesa vya kutosha. Kwenye faili langu alikuwa ameandikwa mjamzito, asipewe dawa.