Hayakuwa maji ya samaki

Najua mmesikia. Rafiki yangu aliyekuwa ameketi kwenye kochi langu Jumamosi ana mdomo usio na breki na bando isiyoisha, kwa hiyo kama uko Nakuru na una simu, umeshasikia. Toleo lake, kwa sauti ya WhatsApp, ni kwamba nilimnywesha mama mkwe maji ya samaki. Kufikia jana jioni toleo hilo lilikuwa Bungoma, na huko samaki alikuwa ameshaanza kuogelea ndani ya kikombe.

Naomba kurekebisha. Hayakuwa maji ya samaki. Samaki hawajafika hadi leo. Tangi liko wiki ya tano na halijawahi kuona hata dagaa. Alichokunywa mama ni maji ya majani ya mkungu (ule mti wa Pwani, si mkungu wa ndizi), kikombe kimoja na nusu, na hiyo nusu ndiyo inayoniuma.

Kwa mgeni anayeuliza ni mtu mzima gani huyo anayetia majani kwenye flaski ya chai: ni mtu anayeandaa tangi la Apistogramma agassizii akiwa Kiamunyi. Huyu ni sikilidi, ukoo mmoja na ngege na fulu, ila wa vijito vya Amazoni, na dume akikua sana ni kama sentimita 8. Kwao maji ni laini, yaani hayana madini mengi, yana asidi, na rangi yake ni ya strungi, chai isiyo na maziwa, kwa sababu ya majani yanayoozea ndani. Sasa mlete hapa kwetu, ambako maji ya kisima yamejaa bikaboneti, na floridi inayofanya meno yetu yatutambulishe tukicheka nje ya kaunti. Ya kwangu yalipima pH 8.2, yaani ni alkali (7 ndiyo katikati, chini yake ni asidi), na KH 12, ambayo ni kipimo cha hiyo bikaboneti.

(Ndiyo, mnaonishauri nifuge wa hapa hapa, nimewaona. Ziwa Nakuru letu lina sikilidi wake aliyeletwa kutoka Ziwa Magadi ili ale viluwiluwi vya mbu, anaishi kwenye magadi yenyewe na halalamiki. Ningekuwa na akili ningempenda huyo. Na watu wa Kisumu, fulu msinitumie tena. Anataka maji ya alkali na ana hasira za kudaiwa kodi.)

Wengi hukosea pale pale nilipokosea mimi wiki mbili nzima: kudhani majani peke yake yatashusha pH. Hayashushi. KH ikiwa 12, asidi ya majani inamezwa yote na bikaboneti, unabaki na maji ya kahawia yenye pH ile ile. Lazima KH ishuke kwanza. Mimi natumia mvua. Nusu saa ya kwanza naiacha iende zake, inaosha vumbi na mavi ya ndege kwenye mabati, ndipo naelekeza mfereji kwenye pipa la lita 210. Sehemu tatu za mvua kwa moja ya kisima, na 12 inakuwa 3. Hapo majani yakiingia yanapata kazi ya kufanya. Langu limetulia kwenye 6.6. Ila usiishushe KH hadi sifuri kwenye tangi changa. Bakteria wa filta, wale wanaokula amonia ya taka za samaki, wanaitumia hiyo bikaboneti, na ikiisha pH inaporomoka usiku mmoja ukiwa umelala.

Tangi lenyewe ni sentimita 80 kwa 35 kwa 40. Ukijaza hadi 36 unapata kama lita 100, yaani kilo 100 za maji kabla hujahesabu vioo na mchanga, kwa hiyo stendi ilichomelewa na fundi wa vyuma, haikuwa ile kabati ya runinga. Kwa samaki hawa sakafu ndiyo mali, kimo si kitu. Dume mmoja na majike wawili, kila jike na pango lake, sentimita 30 katikati na gogo la kuwazuia wasionane. Mapango yangu ni vifuu vya nazi vilivyokatwa nusu, mlango wa sentimita 3, nimevichemsha mara tatu hadi mafuta yakaacha kuelea. Mchanga uwe laini kabisa, maana wanaubugia na kuutolea kwenye matamvua. Ule wa ncha kali unawachubua. Udondoshee siki kwanza. Ukitoa povu una chokaa, urudishe ulikoutoa.

Hita ni wati 150 kwa nyuzi 26. Ramirezi, sikilidi mwingine mdogo aliye mrembo kuliko wote, nilimwacha kwa sababu anataka 28 hadi 30, na usiku wa Nakuru mnaujua, na tokeni za stima nanunua mwenyewe. Wenzao watakuwa samaki penseli kumi, wa kukaa juu. Penseli wakielea juu wametulia, yule wa chini anaamini hakuna hatari na anatoka pangoni. Asipoona mtu juu anajificha wiki nzima na wewe unabaki kuangalia vifuu. Corydoras, kambare wadogo wa sakafuni, sitaki, wanapekua usiku na kula mayai, na jike akiwa na mayai anawalenga macho. Otocinclus, kambare wengine wadogo, watatu wanne, labda, baada ya miezi kadhaa, kukiwa na ute wa kijani wa kuwalisha kwenye vioo.

Haya, majani. Yanatoka Mombasa kwenye basi, kama kifurushi. Ni yale yaliyoanguka yenyewe yakiwa makavu, si ya kuchuma mabichi. Mengine nayalaza kwenye mchanga, vifaranga wa samaki wapate pa kujificha. Kumi nayaosha, nayatia kwenye flaski ya lita moja na nusu, namimina maji yanayochemka, nafunika, masaa 12. Ni flaski kwa sababu gesi si bure, nayo inaloweka usiku kucha bila moto. Asubuhi naongeza nusu lita kwenye tangi. Rangi yake ni strungi kabisa. Ladha yake hakuna aliyekuwa anaijua hadi Jumamosi.

Tuna flaski mbili pacha, rangi ya maruni, tulizopewa harusini na watu wawili ambao hawakushauriana. Mimi ni mtu wa utaratibu. Nilikata plasta nyeupe, nikaandika SI CHAI kwa kalamu nzito, nikabandika.

Juu ya kifuniko.

Mmeshaona tunakoelekea, eh? Subirini, msinikimbize.

Jumamosi alfajiri stima ilikuwa imepotea. Mke wangu alichemsha strungi ya tangawizi ya kumpokea mamake, ambaye hanywi maziwa, akatia na sukari humo humo, vijiko vinne vikubwa. Akafungua flaski zote mbili gizani ajue ipi iko tupu, akajaza ile tupu, akafunika. Vifuniko vikapishana. Akaniambia, "Baba Junior, wakifika kabla sijarudi, chai iko kwenye flaski, na sukari nishaweka," akaenda sokoni kutafuta kuku.

Saa mbili asubuhi nikachukua flaski ya SI CHAI, nikapima nusu lita kwa jagi, nikalimiminia tangi taratibu, kwa upendo. Nikanusa tangawizi. Nikajiambia ni lile gogo limeanza kuchacha.

Tuliwatarajia saa saba. Walifika saa tano, mama na shangazi wawili, wakiletwa kutoka stendi na huyu rafiki yangu. Sasa ninyi mliooa Bungoma mnajua. Mama mkwe humpi mkono, humwangalii usoni, hukai naye kochi moja. Miaka sita nimeishi naye vizuri kwa kukaa mbali. Na leo hii nimebaki naye sebuleni, sina mke, sina mtoto wa kutuma, nina flaski.

Nikamimina. Ile rangi! Nilijisifu moyoni kwamba leo mke wangu ameipika. Nikainama, nikaweka kikombe kwenye kimeza, nikarudi nyuma hatua tatu kama mhudumu wa altareni.

"Karibu chai, mama."

Akauliza, macho yakiwa dirishani, "Sukari?"

Nikajibu, na hapa ile sauti ya WhatsApp haikuongeza neno: "Iko ndani tayari, mama. Imekolea."

Akapuliza mara mbili. Akavuta funda dogo. Midomo yake ikajikunja kwa ndani, polepole, kama mdomo wa gunia unaokazwa kamba. Ule ni ukakasi, ndugu zangu. Majani ya mkungu yana tanini nyingi, na ulimi unakamatwa kama umelamba ganda la ndizi mbichi. Akameza. Nililiona funda likishuka hadi likatua. Akaangalia ndani ya kikombe. Akaangalia picha ya harusi ukutani, upande wa bintiye. Akavuta funda la pili.

Shangazi wa kwanza alionja, akakiweka kikombe chini, akakitazama kama anasubiri kijieleze. Wa pili alikunywa amefumba macho. Rafiki yangu alionja akanigeukia, nyusi zimefika kwenye nywele. Hakuna aliyesema neno. Na mimi nilisimama pale nikifurahi, nikidhani kimya chote kile ni heshima.

Mama akamaliza. Kikombe chote. Yule mwanamke amelelewa akaleleka. Nami kwa furaha nikainama tena nikaongeza, na hakukataa, maana cha mkwe hakikataliwi. Kikombe kilipofika nusu mvuke ukanigusa pua.

Haukuwa na tangawizi.

Akili yangu ikaanza kutembea kinyumenyume. Hapa hakuna tangawizi. Asubuhi kulikuwa na tangawizi. Asubuhi tangawizi ilikuwa wapi? Nikageuza shingo taratibu kuelekea kona ya sebule. Tangi langu lilikuwa linatoa mapovu ya filta kwa utulivu wa mtu aliyekunywa chai. Nikaangalia flaski mkononi. Kifuniko safi, hakina plasta. Kikombe cha mama kikaanza kupanda tena kuelekea mdomoni, na nikajua nina nafasi ya kusema neno moja tu. Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni:

"Bungoma mvua ipo, mama?"

"Ipo," akasema. Akanywa.

Ningekufa na siri hiyo, nawaambia ukweli, kama rafiki yangu asingeinuka kwenda jikoni kutafuta maji ya kusukutua. Alirudi ameibeba ile flaski nyingine mbele ya kifua, kama mtu anayeleta ushahidi kortini, akasoma kwa sauti kubwa: "SI CHAI." Akafungua. Akanusa. "Mbona hii ndiyo chai?"

Mengine ni ya haraka. Nilieleza, vibaya, nikianzia Amazoni. Mke wangu aliingia na kuku akanikuta kwenye bikaboneti. Alicheka hadi kuku akamponyoka. Hakuna aliyeumwa. Mama alisema jambo moja tu: "Nilidhani ndiyo chai ya Nakuru."

Nililipa upande wa pili. Nusu lita ya ile strungi ni theluthi ya flaski, yaani kama gramu 20 za sukari kwenye lita 100. Jumapili asubuhi tangi lilikuwa jeupe kama maji ya mchele. Si wale bakteria wa amonia niliowalea wiki tano. Hawa ni wengine, wanaokula sukari, wanazaliana haraka na kumaliza oksijeni. Kungekuwa na samaki wangekuwa wote juu wanatweta. Nilibadilisha nusu ya maji Jumapili na nusu nyingine Jumatatu, mchanganyiko ule ule wa mvua na kisima, joto lile lile, nikafungua pampu ya hewa hadi mwisho. Sponji ya filta sikuigusa, maana ndiyo nyumba ya bakteria ninaowataka. Jumatano maji yalionyesha upande wa pili. Sasa napima amonia na nitraiti, sumu mbili za samaki, upya kila siku, na aliyekuwa aniletee samaki nimemwomba asubiri wiki mbili. Aliuliza sababu. Nilimwambia ni stima, jambo ambalo kwa kiasi fulani ni kweli.

Plasta sasa iko kwenye tumbo la flaski. Mke wangu aliongea na mamake jana. Anakuja tena mwezi ujao, awaone hao samaki wenyewe. Amesema tusijisumbue na chai, atabeba flaski yake.